Joto halipotei, linahamia kwenye kasha

Kuna makala inayosema kompyuta ndogo zisizo na feni, kama zile za Intel N100, hazipati joto kwa sababu prosesa yake ni ya wati 6. Hapo si sawa. Wati 6 ni kipimo cha Intel. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha umeme cha juu zaidi kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), wati 10 au 15, na hata 25 kwa muda mfupi. Ndiyo maana mashine hufungua kurasa chapuchapu, lakini ukibadilisha video ndefu kwenda umbizo jingine inaanza kujikokota: kasha limeshashiba joto, na prosesa inapunguza kasi isivuke nyuzi 105.

Joto la chumba nalo linajumlishwa humohumo. Mashine inayotulia kwenye nyuzi 70 chumba kikiwa na 22, itakaribia 81 kwa kazi ileile chumbani Dar es Salaam kukiwa na 33.

Kwenye BIOS, shusheni PL1 (kikomo cha umeme wa prosesa kwa kazi ya muda mrefu) hadi wati 8 au 10. Kazi za kila siku hamtaona tofauti. Ikiwa bado inachemka mapema, fungueni kasha mtazame alama ya pesti (ile ya kupitisha joto) kwenye kipande cha shaba kinachogusa prosesa. Ikiwa imekaa upande mmoja tu, shaba haikulala sawasawa: futeni kwa spiriti, pakeni upya kidogo, kazeni skrubu kwa mshazari, kidogokidogo. Hii ndiyo kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote, na hakuna programu itakayoiponya.

Mapezi ya kasha, yale mabati membamba ya kutoa joto, yasimame wima hewa ipande. Kabati la TV lililofungwa, hapana kabisa.