Miche ya pasheni: kubakisha yenye nguvu pekee ama kuchanganya?

Huku kwetu pwani ya Kenya, kuanzia Kisauni mpaka Mtwapa, mtu akiotesha pasheni ya manjano, baada ya wiki kadhaa yuwaangalia trei, miche iliyonona yaiweka, mingine yote yang'olewa. Nawaelewa, manake mche uliodumaa ukishakutana na jua la pwani na minyoo ya mizizi hauna maisha, na anayenunua miche ataka ilingane.

Shida ni kwamba pasheni ya manjano haijizalishi peke yake, na hili wengi bado hawajaambiwa. Ua lafunguka adhuhuri hivi, lafunga usiku, na chavua ya mti huohuo haishiki kabisa, lazima itoke kwa mti mwengine usiofanana nao sana kidamu, yaani kinasaba, iletwe na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa. Sasa wewe mbegu zote umezitoa kwenye tunda moja la soko la Kongowea, hao ni ndugu na baadhi yao watakataana. Anayekata vipandikizi vya mti mmoja akajaza shamba ndo kabisaa, waya wa kutambazia wote majani, maua kila siku, matunda hakuna, halafu alaumu mbolea.

Nadhani huu ushauri wa kubakisha yenye nguvu pekee tumeuchukua bara bila kuuliza. Kule wapanda ya zambarau, ambayo yajizalisha yenyewe, tena huiunganisha juu ya shina la manjano kwa sababu ya mnyauko wa Fusarium, ule ukungu wa udongoni. Kwao miche kufanana si hasara kubwa, kwetu ni hasara.

Na hiyo nguvu ya kwenye trei pia isituchanganye, mbegu mbichi huota mapema kuliko iliyokaa, mche wa pembeni wapata mwanga zaidi, hiyo yote si damu. Wala mche uliokimbia mwanzo haukuahidi tunda zito au kustahimili virusi vinavyofanya ganda kuwa gumu.

Mimi naegemea kuchanganya kwanza, kupunguza baadaye. Tafuta matunda ya miti mizuri kutoka mashamba tofauti, kila mti mama (uliotoa tunda) upewe safu yake na alama, kisha ng'oa wadhaifu ndani ya kila safu, usipime trei nzima kwa pamoja, la sivyo safu iliyochelewa kuota yaisha yote na ndiyo huenda ingezipa zile nyingine chavua. Ukifika shambani usizipange safu kwa mama, zichanganye kwenye waya mmoja.