Nyama ya Porini Iive Hadi Mfupani

Wiki mbili zilizopita nilikaa meza moja na watu ninaowapenda, nikakataa nyama. Lilikuwa paja la nguruwe mwitu, limechomwa likawa la kahawia kwa nje, mafuta yanachuruzika. Mjomba alipopitisha kisu karibu na mfupa, mnofu wa ndani ulikuwa umelegea, mwekundu kama zambarau iliyoiva. Nikaugusa. Ulikuwa wa moto kiasi tu, si wa kuunguza.

"Mjomba, naomba tuirudishe motoni," nikasema.

"Huyu si wa zizini, mwanangu. Huyu kala mizizi na matunda ya msituni tangu azaliwe. Ni msafi."

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi, na naamini ndiyo inayowaponza watu. Mnyama wa kufugwa ana mtu anayejua kalishwa nini, na machinjioni yupo mkaguzi anayepasua moyo na ini kabla nyama haijatoka. Nguruwe mwitu hana wa kumtolea ushahidi. Anakula mizizi, ni kweli, lakini anakula panya pia, na akikuta mzoga haupiti. Hapo ndipo anapookota trikinela, mnyoo mdogo ambaye watoto wake hujikunja ndani ya misuli na kusubiri kuliwa.

Aliyewaona kwanza alikuwa mwanafunzi wa udaktari mjini London, James Paget, mwaka 1835. Alikuwa akipasua maiti, akaona misuli ina vidoa vyeupe kama chembe za mchanga. Alipovitazama kwa hadubini, kila kidoa kilikuwa kifuko, na ndani yake mnyoo kajiviringisha. Ukimla akiwa hai, asidi ya tumbo lako humfungulia kifuko. Anakomaa utumboni, anazaa, na watoto wake husafiri kwa damu hadi kwenye misuli yako wewe. Kwanza unaharisha. Baada ya wiki kadhaa zinakuja homa, kuvimba kope na maumivu ya mwili mzima, na wakati huo mtu keshasahau alikula nini.

Watu hunijibu kwa mambo mawili: kwamba wao wanajua nyama iliyoiva kwa kuitazama, na kwamba waliigandisha kwanza. Yote mawili yalijaribiwa kwenye mlo mmoja mwaka 2022. Familia moja ya Marekani ilikutana South Dakota, wakachoma mishikaki ya dubu mweusi aliyewindwa kaskazini mwa Saskatchewan, Kanada. Nyama ilikuwa imekaa kwenye friza siku 45. Kwa kuwa ni nyeusi kwa asili, hawakutambua kwamba ni mbichi mpaka baadhi yao walipokwisha kuanza kula. Wakairudisha motoni, lakini watu sita waliugua, na wawili kati yao hawakuonja nyama kabisa. Walikula mboga zilizopikwa pamoja nayo.

Hao wawili siwezi kuwatoa akilini.

Kuhusu friza, baridi huua trikinela wa nguruwe wa kufugwa ikiwa kali na ya muda wa kutosha. Jamii nyingine za mnyoo huyu, wanaoishi ndani ya dubu na wanyama wa nchi za baridi, huvumilia barafu. Aliyekutwa kwenye nyama ya familia ile alikuwa mmojawapo. Virusi nao hawaogopi friza. Nchini Japani, mwaka 2003 waliripotiwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya E waliokuwa wamekula nyama mbichi ya kulungu. Mabaki ya nyama hiyo yalikuwa bado yamegandishwa, na yalipopimwa, kirusi kilikuwa kilekile cha wagonjwa. Chumvi, moshi na kukausha juani pia si vya kutegemea.

Kinachotegemewa ni joto, tena la ndani, si la juu. Nyama ya porini inashauriwa ifike nyuzi 71 za Selsiasi katikati ya sehemu nene kabisa, na ndege 74. Kwa trikinela wa dubu, mimi ningekwenda 74 moja kwa moja. Hakuna jicho linalosoma nyuzi. Kipimajoto cha nyama kinasoma, mradi ncha yake isiguse mfupa.

Najua malalamiko: itakauka, itakuwa ngumu. Kwa sarara ni kweli, sarara ya mnyama wa porini haina mafuta na inapoteza kitu ikiiva sana. Lakini paja, bega na shingo zina mishipa migumu ambayo hailainiki mpaka ichemke polepole kwa saa nyingi. Huko nyuzi 71 utazipita zamani, na mchuzi utakuwa mzito zaidi. Mpishi anayekupa bega nusu bichi hajakuhifadhia ladha yoyote.

Siku ile nisingebishana kama tungekuwa mimi na Mjomba peke yetu. Lakini mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano na sahani yake ilikuwa imekwisha pakuliwa. Nyama ambayo haikuiva inaweza kubeba toksoplazma, kimelea ambaye mama huenda asihisi chochote huku mtoto tumboni akiharibiwa macho au ubongo. Niliisogeza sahani yake kabla sijamweleza sababu, na alikasirika.

Kipimajoto nilichomletea Mjomba mwaka jana kilitolewa kabatini kikiwa bado kwenye boksi. Karibu na mfupa kilisoma 54. Mjomba akakitazama, akakichomoa, akachoma mahali pengine, kikasoma 56. Hakusema neno. Alilibeba paja mwenyewe mpaka jikoni, na baadaye kidogo nikamsikia akiita anataka kujua ncha iingie upande gani.