Maswali Sita Yasiyomfikia Mgonjwa wa Kadutu

Yeyote aliyewahi kushika dodoso la shirika hapa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anayajua maswali sita ya ulemavu, hata kama hajui yalikotoka. Je, unapata shida kuona, hata ukivaa miwani? Kusikia, hata ukitumia kifaa? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka mambo au kutuliza mawazo? Kuoga na kuvaa mwenyewe? Kuwaelewa wenzako na kueleweka nao katika lugha yako ya kila siku? Kila swali lina majibu manne, kuanzia kutokuwa na shida hadi kutoweza kabisa, na mwulizaji mzoefu huyamaliza yote kabla kiti alichopewa hakijapata joto. Yalitungwa na jopo la wataalamu wa takwimu liitwalo Washington Group, lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, ili nchi ziweze kulinganisha hesabu zao bila kumwaibisha mtu mlangoni pake. Kwa kazi hiyo ni maswali mazuri. Mzee ambaye hangekubali kamwe kuitwa kilema atakiri bila kinyongo kwamba ngazi za kushuka kutoka nyumbani kwake zimemshinda, na kwa kukiri hivyo atakuwa amehesabiwa.

Yule ambaye maswali haya hayamfikii ni mgonjwa wa akili. Kijana anayesikia sauti ambazo hakuna mwingine anayezisikia anaona vizuri, anatembea vizuri, anavaa mwenyewe na anajibu salamu. Mama ambaye huzuni nzito imemlaza kitandani tangu alipowazika watoto wake anaweza kupita katika maswali yote sita akaandikwa mzima. Watungaji wenyewe wanalijua pengo hilo, ndiyo maana wametayarisha pia dodoso refu zaidi, pamoja na toleo la maswali 12 linalouliza kuhusu wasiwasi na sonona. Lakini kila swali lina gharama ya muda na fedha, na katika tafiti nyingi toleo linalofika mlangoni ni lile fupi. Kwa maoni yangu hilo si jambo dogo la kiufundi la kuachiwa wanatakwimu. Utafiti wa ulemavu, wa afya ya akili na wa umaskini utaendelea kuwa mafaili matatu katika ofisi tatu kwa muda wote ambao swali la mlangoni linawatenganisha watu wa nyumba moja.

Kisheria jambo hili lilikwisha kuamuliwa. Ibara ya 1 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, inawataja pamoja wenye matatizo ya muda mrefu ya mwili, ya afya ya akili, ya ufahamu na ya milango ya fahamu, ambayo yakikutana na vizuizi vya kijamii huwazuia kushiriki sawasawa na wengine. Kongo ilijiunga na mkataba huo mwaka 2015. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika ibara ya 49, ilikuwa tayari imewapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalumu, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya msingi namba 22/003 kuhusu ulinzi na uendelezaji wa haki zao. Nchi ambayo tangu mwaka 2019 ina waziri mhusika wa watu wenye ulemavu haiwezi kusema kwamba jambo hili ni geni kwake.

Ibara ya 31 ya mkataba huohuo inaitaka serikali ikusanye takwimu za kuiwezesha kupanga mipango yake. Hapo ndipo tunapokwama, kwa sababu sensa ya mwisho ya watu wote nchini ilifanyika mwaka 1984. Mtoto aliyehesabiwa akiwa mgongoni mwa mamaye sasa ni mtu mzima aliyepita miaka 40. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makadirio mapya ya Shirika la Afya Duniani kwamba katika maeneo yaliyopitiwa na vita, asilimia 22.1 ya watu, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano, wana tatizo la afya ya akili, kuanzia wasiwasi na sonona hadi skizofrenia, ugonjwa ambao humfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Ni tarakimu nzito, nasi wa Kivu tunaitambua bila kuhitaji jarida. Lakini asilimia hiyo utaizidisha kwa idadi gani? Tena wastani wa dunia hauoneshi ni kata gani ya Bukavu iliyolemewa zaidi, wala ni nani katika kata hiyo anayeweza kununua dawa.

Anayeujua mji huu anajua kwamba ukosefu wa usawa hapa unaonekana kwa macho. Chini, kwenye rasi zinazoingia ziwani, kuna Muhumba na La Botte zenye kuta, bustani na barabara ambazo gari linafika hadi mlangoni. Juu, Kadutu imepanda mlima kwa nyumba za mbao zilizobanana kiasi kwamba moto ukishika moja unakula safu nzima, na njia nyingi ni ngazi za udongo ambazo hata pikipiki haipandi. Baiskeli ya magurudumu matatu inayompa mtu uhuru kwenye lami ya Nyawera inakuwa chuma kizito tu inapofika chini ya mteremko huo. Mwanauchumi Amartya Sen alilieleza jambo hili miaka mingi iliyopita: watu wawili wenye kipato kilekile hawana maisha yaleyale iwapo mmoja wao ana ulemavu, kwa sababu sehemu ya fedha zake inaishia kununua kile ambacho mwenzake anakipata bure. Ongeza hapo mteremko wa Kadutu, utaona kwamba mahali anapoishi mtu nako kunamtoza.

Kwa ugonjwa wa akili deni hilo huangukia nyumba nzima. Nitoe mfano ambao wakaaji wengi wa Kadutu watautambua bila mimi kutaja jina la mtu. Kijana wa mwisho wa sekondari anaanza kukosa usingizi, kisha anawashuku ndugu zake, kisha anazungumza peke yake usiku. Familia inampeleka kwanza kwenye chumba cha sala, ambako anakaa wiki kadhaa akifunga na kuombewa; halafu kwa mganga; halafu tena kwenye sala, ya mchungaji mwingine. Mama yake, anayeuza sambaza, yaani dagaa wa ziwani, sokoni, anakula mtaji wake kidogo kidogo, na zamu yake ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, inapofika fedha zote zinakwenda kwa mganga. Dada mdogo anatolewa shuleni ili abaki nyumbani kumchunga kaka. Hatimaye, baada ya jirani kusisitiza, wanafika SOSAME, kituo cha mabruda wa Upendo ambacho kwa miaka mingi kimekuwa mlango mkuu wa tiba ya akili katika Kivu Kusini, na huko kijana anapata nafuu. Lakini nafuu hiyo inadai dawa mwezi baada ya mwezi, na mtaji wa sambaza haupo tena. Familia ya Muhumba yenye kijana wa namna hiyohiyo huenda moja kwa moja kwa daktari, au huvuka mto Ruzizi, mpaka wa Rwanda, na kumpeleka Kigali.

Sasa mpeleke mwulizaji na maswali yake sita kwenye nyumba ile ya Kadutu. Ataandika kwamba hamna mtu mwenye ulemavu. Mwenzake wa utafiti wa elimu ataandika kwamba msichana ameacha shule kwa kukosa karo, na wa tatu, anayechunguza biashara ndogondogo, ataandika kwamba mama amefilisika. Wote watatu watakuwa wameandika kweli, na hakuna hata mmoja wao atakayejua kilichotokea katika nyumba ile.

Sayansi ya nje imelielewa jambo hili vizuri kuliko mipango yetu. Mwaka 2020 jarida la Science lilichapisha mapitio ya ushahidi kuhusu umaskini, sonona na wasiwasi, nayo yalionesha kwamba watu wa kipato cha chini kabisa katika jamii wana uwezekano wa mara moja na nusu hadi mara tatu zaidi wa kupata matatizo hayo kuliko walio na kipato cha juu. Muhimu zaidi ni kwamba sababu inakwenda pande zote mbili: kupoteza kazi au mapato huumiza akili, na akili inayougua hupunguza mapato. Kuwapa watu fedha huboresha afya yao ya akili, na kuwatibu huboresha uwezo wao wa kufanya kazi. Kwa hiyo mradi unaoleta mshauri bila kugusa mtaji wa mama yule, au unaoleta mtaji bila dawa ya mwanawe, unafanya nusu ya kazi.

Kivu yenyewe imekwisha kuifundisha dunia kitu katika uwanja huu. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini kwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kijinsia. Baadhi ya vijiji vilipewa tiba ya mazungumzo katika vikundi, vingine ushauri wa mtu mmoja mmoja. Baada ya miezi sita, kati ya waliopata tiba ya vikundi ni asilimia 9 tu waliobaki na dalili za kufikia kiwango cha sonona au wasiwasi, huku kwa wale wengine ikiwa asilimia 42. Waliotoa tiba hiyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kijamii Wakongomani wenye elimu ya sekondari, wakifanya kazi na wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma, katika vijiji ambako usalama ulikuwa haujarudi.

Ninaposoma matokeo hayo ninajivunia, kisha ninaudhika. Kama tiba inayofaa inaweza kutolewa na majirani waliofundishwa, kwa nini hadi leo tunaambiwa kwamba afya ya akili inasubiri wataalamu? Sehemu ya jibu, naamini, ni kwamba fedha za wafadhili huja na jina la mateso fulani. Ukatili wa kijinsia ulipata jina hilo, na ulistahili, hasa kwa juhudi za watu kama Daktari Denis Mukwege, ambaye katika hospitali ya Panzi alizoea kuunganisha tiba ya mwili, ya moyo, msaada wa sheria na wa riziki miaka mingi kabla ya kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018. Skizofrenia haina jina la namna hiyo. Na fedha zenyewe si za kutegemewa: Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake, na mwezi uliofuata waasi wa M23 waliingia Bukavu, mabenki yakafunga milango, na nyumba zilizokuwa zikiishi kwa mshahara zikaanza kuishi kwa mkopo. Kama mapitio yale ya 2020 ni ya kweli, basi mzigo wa akili mjini umeongezeka tangu siku hizo, na utaendelea hata pale ambapo bunduki zimenyamaza.

Kuna pingamizi ninalolisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu katika vyama vya wenye ulemavu wa viungo. Wanasema wamepigana miaka mingi ili jamii ikubali kwamba mguu uliopooza hauipoozeshi akili, na kwamba kuwekwa kapu moja na wagonjwa wa akili kutawarudisha nyuma. Hofu hiyo ninaielewa, maana dharau ya mitaani haichagui. Lakini hoja ya haki haiwezi kujengwa juu ya kumsukuma chini mwenzako ambaye dharau imemwelemea zaidi. Wengine wanahofia kwamba kumwandika mtu kuwa mgonjwa wa akili ni kumpiga chapa. Hofu hii ina uzito zaidi, na jibu lake limo ndani ya yale maswali sita yenyewe: uliza mtu anashindwa kufanya nini na ni mara ngapi, usiulize anaitwaje.

Hata hivyo swali zuri halitoshi kama linajibiwa na mtu mwingine. Kwa kawaida mwulizaji huzungumza na mkuu wa nyumba, naye ndiye anayejibu kwa niaba ya kijana aliye chumba cha ndani, kwa aibu au kwa kumlinda. Ibara ya 4 ya mkataba inadai watu wenye ulemavu washirikishwe kwa karibu katika maamuzi yanayowahusu. Mimi sioni kwa nini dai hilo liishie nje ya mlango wa utafiti. Watafiti wa hapa wamekwisha kuanza kulalamika juu ya upande wao. Katika maandishi yaliyojulikana kama Série Bukavu, yaliyokusanywa kuwa kitabu mwaka 2020, watafiti wasaidizi wa eneo letu walieleza jinsi wanavyobeba hatari za kazi ya kukusanya habari huku majina yao yakikosekana kwenye matokeo. Walikuwa na haki kulalamika. Ila nyuma yao amesimama mwingine ambaye hajapata nafasi hata ya kulalamika, naye ni yule aliyeulizwa, aliyefungua moyo wake mbele ya mgeni mwenye simu ya kuandikia majibu, na ambaye hatapata kusikia majibu yake yalizaa nini, kwa kuwa ripoti ilitoka kwa Kiingereza.

Wanaoandaa dodoso za miezi ijayo hapa mjini wanaweza kuanza na mambo machache yasiyohitaji sheria mpya wala mfadhili mpya. Watumie toleo la maswali 12. Waweke swali moja juu ya nani katika nyumba aliacha shule au kazi ili amtunze mgonjwa, na fedha gani zilikwenda kwenye sala, kwa mganga na kwenye dawa. Miongoni mwa waulizaji wawemo watu waliowahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, wakilipwa sawa na wenzao. Na ukurasa wa mwisho, ambao kwa kawaida huwa na sahihi ya mwulizaji tu, uandikwe pia tarehe na mahali, parokia au ofisi ya kata, ambapo matokeo yatasomwa kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha ya wenyeji wa hapa, mbele ya waliojibu.