Nani Mwenye Dhamana Nyuma ya Kaunta ya Vipodozi?

Binti aliyemaliza masomo akipata kazi katika duka la vipodozi la Darajani, Mchangani au Michenzani, mjini Zanzibar, wazee wake humshukuru Mungu, na majirani husema amepata kazi nyepesi. Hoja yao haikosi msingi. Binti yumo ndani, hapigwi na jua, wateja wake wengi ni wanawake wenzake, na jioni hurudi nyumbani kwao. Ukimlinganisha na mkulima wa mwani anayeinama ndani ya maji ya chumvi, au na msichana wa zamu ya usiku katika hoteli za pwani ambaye wazazi wake hawalali kwa wasiwasi, duka la vipodozi linaonekana kuwa mahali pa salama. Wanaoikosoa kazi hii nao wana lao la kusema: mshahara ni mdogo, saa za kusimama ni nyingi, makubaliano hufanywa kwa mdomo ingawa tunayo Sheria ya Ajira namba 11 ya mwaka 2005, na wapo wanaofanya kazi kwa miaka bila ya kuandikishwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF. Naona pande zote mbili zinasema kweli, lakini zote zinaliacha lile lililo zito zaidi, nalo ni kwamba muuzaji wa vipodozi amefanywa mshauri wa ngozi za watu bila ya kufundishwa, na riziki yake imefungwa katika ushauri huo.

Mema ya kazi hii yastahili kutajwa kwa haki yake. Mzanzibari anapoingia katika duka la aina hii hafuati manukato peke yake. Anataka udi wa kufukizia nguo, marashi ya kunyunyizia wageni, mafuta ya kujipaka, hina na piko, na ikiwa nyumbani kuna biharusi, basi na liwa na singo za kumpaka na kumsugulia mwili. Yote haya yana elimu yake, na zamani elimu hiyo ilikuwa mikononi mwa masomo, yaani wanawake wanaowafunda mabinti, na mabibi majumbani. Sasa sehemu yake imehamia nyuma ya kaunta. Muuzaji makini hajifunzi siku nyingi kabla ya kuweza kutenga kwa pua udi wa vipande vya mti na ule uliopikwa kwa sukari, na kujua miski ipi haitamletea mteja kichwa katika ukumbi uliojaa watu. Hiyo ni amali, na wapo wanawake walioanza kwa kuajiriwa, wakaijua bidhaa na wanaoiagiza, kisha wakafungua biashara zao wenyewe, baadhi yao kwa kuuza kupitia simu tu.

Amali hiyo hiyo ina mitihani isiyoonekana na anayepita njiani. Mafuta ya manukato huuzwa kwa tola, ambayo ni kama gramu 11.7, au kwa sehemu ya tola. Muuzaji huyavuta kwa bomba la sindano kutoka katika chupa kubwa, huyatia katika kichupa cha mteja tone kwa tone, na kabla ya hapo ameshampaka kidogo mkononi, akampaka na shoga yake aliyefuatana naye, kwa sababu hapana anayenunua mafuta asiyoyanusa. Mwisho wa mwezi chupa inapimwa na inaonekana pungufu. Maduka mengine hukata upungufu huo katika mshahara wa muuzaji. Tajiri, yaani mwenye duka, naye ana hoja, kwani mafuta ya bei ghali yakiibiwa kwa matone hayaachi alama, na asipodai hesabu atafilisika. Lakini matone ya kunusisha wateja ni gharama ya biashara kama ilivyo kodi ya duka, na kumbebesha mfanyakazi gharama hiyo si haki. Kutenga kichupa cha kunusisha na kukiandika katika daftari siku kinapofunguliwa kunatosha kuondoa ugomvi huu.

Penye mambo mazito zaidi ni rafu ya krimu. Mteja mtu mzima huingia, hutoa salamu, husema: “Mwanangu, nataka ya kunitakatisha, nina harusi Ijumaa ijayo.” Muuzaji anayejua kwamba ngozi haibadiliki kwa wiki moja pasipo kuumizwa ana njia mbili. Anaweza kumwambia, “Mama, za haraka zinaunguza, chukua mafuta haya ya kawaida,” na mama akaenda duka la pili. Anaweza kumpa anachokitaka na akaandikiwa kamisheni yake. Panapokuwa na mshahara mdogo unaojazwa na kamisheni, tunajua ni njia ipi inayolisha watoto.

Krimu za kuchubua zinazokatazwa zina madhara yaliyothibitishwa. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ikiingia mwilini hudhuru figo. Dawa za jamii ya steroidi, kama vile klobetasoli, ni za kuandikiwa na daktari. Zikipakwa kila siku hufanya ngozi kuwa nyembamba na kuipasua michirizi. Mkataba wa Minamata, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka kikomo cha miligramu 1 ya zebaki kwa kila kilo ya kipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuviondoa kabisa vipodozi vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025. Hapa kwetu ipo Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi namba 2 ya mwaka 2006, na upo Wakala wa Chakula na Dawa wenye kazi ya kuisimamia.

Wanaowatetea wauzaji na matajiri husema kuwa mteja ni mtu mzima, fedha ni zake, na akinyimwa hapa atapewa kwengine. Sipuuzi hoja hii. Hamu ya weupe haikuzaliwa dukani. Imo majumbani mwetu na katika kumbi za harusi, ambako biharusi mweupe husifiwa kwa sauti na mweusi husifiwa adabu yake. Hata waajiri wapo wanaomchagua muuzaji kwa rangi ya uso, kwa kuwa wateja humuuliza, “Wewe watumia nini?” na uso wake ukawa ndio tangazo. Hilo linaniumiza, kwa sababu binti huyo hulazimika kujipaka anachokiuza ili kazi isimponyoke. Lakini hiari ya mteja inataka ujuzi, na kopo lililoandikwa kwa lugha asiyoisoma, likikabidhiwa na muuzaji naye asiyeisoma, halimpi mteja hiari yoyote.

Kisiwani Pemba hali ina sura yake. Mauzo ya Chake Chake na Wete hufuata karafuu, na msimu ukiwa mbaya kamisheni hukauka, kwa hiyo anayeitegemea huumia zaidi kuliko mwenziwe wa mjini Unguja. Kwa upande mwengine wateja wanajuana na muuzaji, na aliyemuunguza mtu uso atakutana naye msibani na harusini. Naamini jambo hilo huwafanya wengi wawe waangalifu, ingawa hofu ya lawama haiwezi kushika nafasi ya mafunzo.

Sisemi kamisheni ifutwe. Tajiri aliyeweka mtaji, anayelipa kodi na ushuru, na ambaye joto la kaskazi humharibia rangi za midomo na krimu rafuni, anahitaji muuzaji mwenye ari, na muuzaji hodari anastahili kupata zaidi ya mvivu. Kamisheni ibaki katika udi, manukato, hina na mapambo, ambako ushauri mbaya humpotezea mteja fedha tu. Kwa kila kinachopakwa ili kubadili rangi ya ngozi iondolewe, na mshahara wa msingi upandishwe kufidia. Muuza dawa hutakiwa awe amesomea dawa, wala sioni kwa nini kibali cha duka la vipodozi kisidai angalau muuzaji mmoja aliyefundishwa kusoma viambato, pamoja na sharti kwamba asikatwe wala kufukuzwa kwa kukataa kuuza anachokijua kuwa na madhara. Gharama ya mafunzo hayo aibebe mwenye duka, kwa sababu faida ya kila kopo linalotoka rafuni ni yake.