Mama Mkwe Alipokutana na Fiona

Mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, una mambo mawili ambayo mgeni haruhusiwi kuyatania mbele ya wenyeji. La kwanza ni chili yao, chakula cha tambi na nyama. La pili ni Fiona, ambaye ni kiboko.

Ndiyo, kiboko. Huyo huyo wa mtoni. Alizaliwa kwenye bustani ya wanyama ya hapa tarehe 24 Januari 2017, wiki sita kabla ya siku zake, akiwa na kilo 13 tu, wakati kichanga cha kiboko kwa kawaida huanzia kilo 25 na kwenda juu. Mtoto njiti kabisa. Kusimama hawezi, kunyonya hawezi. Watumishi wakamkamua mama yake maziwa, wakawa wanamnywesha mtoto kwa chupa usiku na mchana. Alipoishiwa maji mwilini, wakaitwa wauguzi wa hospitali ya watoto waje kumtundikia dripu, kwa sababu hao wamezoea mishipa ya njiti. Kila hatua ikawa inarushwa mtandaoni kwa picha na video, na mji mzima ukawa unaamka na kuuliza: Fiona kalalaje? Kaongeza uzito?

Akapona. Tangu hapo hakuna mtu wa kumgusa. Kuna fulana za Fiona, vitabu vya Fiona, aiskrimu ya Fiona, hata bia ya Fiona. Mwaka huo huo kijana mmoja alipiga goti mbele ya kioo cha bwawa lake amchumbie binti, na Fiona akatokeza uso katikati ya picha. Dunia nzima ikaiona. Jirani yangu, mama mmoja wa makamo aliyezaliwa na kukulia Cincinnati, anayo picha hiyo sebuleni, na wale wachumba hawajui hata kwa majina.

Sasa mimi nimetoka Ifakara, bonde la Kilombero. Kwetu kiboko si mtu wa kuwekwa sebuleni. Kiboko hutoka mtoni usiku, na mzima mmoja humaliza karibu kilo 40 za majani kabla hakujapambazuka, na akikuta mpunga wako umeanza kutoa masuke hatauliza nani kaupalilia. Lakini nimeishi hapa muda wa kutosha kujua kunyamaza. Kazini, kwenye maghala ya vifurushi kule uwanja wa ndege, wakinionyesha video mpya ya Fiona akipasua tikiti maji kwa meno, nasema, "Jamani, mzuri!" Maisha yanaendelea.

Yaliendelea mpaka mke wangu alipojifungua na mama yake akaja kumlea uzazi.

Mama mkwe ni mtu wa heshima, na mimi kwa mila zetu simkatizi, simbishii, na simwambii "Mama, punguza sauti." Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza. Safari ilianza na maswali tangu siku ya kumpokea. Uwanja wa ndege wa Cincinnati uko Kentucky, jimbo jingine kabisa. Ukishuka unavuka mto Ohio ndipo uingie mjini. Mama alilifikiria hilo darajani mpaka mwisho wa daraja.

"Baba, mji gani huu uliokosa kiwanja mpaka ukaazima kwa jirani?"

Nikasema ndivyo walivyopanga, Mama. Kisha akaona sanamu ya nguruwe mwenye mabawa. Nikamweleza kwamba karne ya kumi na tisa mji huu ulichinja nguruwe wengi mpaka ukabandikwa jina la Porkopolis, na hao wa mabawa ni kumbukumbu yao. Akasema, "Sawa," kwa sauti ya mtu anayehifadhi swali.

Chili nayo tulipita kwa shida. Ni kitu kilichoanzishwa na wahamiaji wa Kimasedonia mwaka 1922: tambi chini, nyama ya kusaga yenye mdalasini katikati, jibini ya njano iliyoparwa juu mpaka huoni sahani. Mama aliposikia harufu ya mdalasini kwenye tambi alifurahi, akajua ni tambi za futari. Akachota kijiko kikubwa. Akakutana na nyama. Aliweka kijiko chini taratibu, akanitazama, akaniuliza kama nyumbani kulibaki pilau.

Basi Jumamosi mke wangu akasema, "Mpeleke Mama akatembee, na mkubwa wetu aende naye." Mkubwa wetu ana miaka saba, amezaliwa hapa hapa, na analala na mwanasesere wa Fiona kwapani. Mnadhani alichagua wapi?

Tukaenda. Mama alifunga pilau kwenye hotipoti, ile ya bati yenye mfuniko mzito aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaining'iniza kwenye mfuko pamoja na upawa. Kwenye simu nikapiga video kwa kundi la ukoo. Cincinnati ilikuwa saa tano asubuhi, Ifakara saa kumi na mbili jioni, wamekaa barazani wote, baba mkwe mbele. Bustani yenyewe ni ya mwaka 1875, ina miti mikubwa, na Mama aliisifia sana. Twiga akawapungia mkono. Tembo akawasalimia. Ukoo ukashangilia. Halafu tukafika kwa viboko.

Pale kuna bwawa lenye kioo kirefu, unamwona mnyama akiwa ndani ya maji. Samaki wanazunguka humo, na Mama kwanza aliona samaki.

"Perege hao. Nani anawavua?"

Nikasema hakuna. Akasikitika.

Mzee mmoja wa kujitolea, kavaa fulana ya Fiona, akaanza kutupa historia ya ukoo mzima huku mimi nikitafsiri. Huyu mkubwa ni mama yake Fiona, jina lake Bibi. Mama akageuka. "Jina lake nani?" Nikarudia. Akafunga khanga vizuri kiunoni, hakusema neno. Baba yake Fiona, Henry, alifariki 2017. Akaletwa dume jingine, Tucker. Bibi alikuwa amewekwa kwenye uzazi wa mpango, dawa ikashindwa, na mwaka 2022 akazaa tena, dume, Fritz.

"Kiboko anapewa uzazi wa mpango?"

"Ndiyo, Mama."

"Na serikali inajua?"

"Inajua, Mama."

Akanitazama jicho refu. Mimi, ambaye nyumbani nina kichanga cha tatu katika miaka minne. Nikajifanya narekebisha simu.

Ni wakati huo Fiona alipoinuka kutoka chini ya maji na kuja moja kwa moja kwenye kioo. Si kwa haraka. Miguu inagusa chini kidogo, inaelea, inagusa tena. Akaja mpaka pua zikabandikwa pale pale mbele ya Mama, matundu yamefungwa, nywele chache ngumu zimesimama kwenye mdomo, jicho moja limemtazama. Watoto wakapiga kelele za furaha. Mwanangu akabandika viganja kwenye kioo.

Hapa lazima niseme jambo la dungu, lile jukwaa la miti la kulindia shamba. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, kabla sijaoa nyumba ile, Mama na baba mkwe walikuwa wanalinda mpunga usiku juu ya dungu. Kiboko akaja, hakuwa na haraka huyo naye, akajikuna mgongo kwenye nguzo. Dungu likalala. Baba mkwe anatembelea fimbo mpaka leo. Bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori, aliitwa. Alifika wiki iliyofuata, akapima nyayo, akaandika, akaondoka. Fidia haijaonekana.

Kwa hiyo Mama hakuwa akimwona Fiona wa fulana. Alirudi nyuma hatua moja, akatoa hotipoti, akang'oa mfuniko, akashika upawa, akaanza.

"Hoooo! Hoooo! Tokaaa! Rudi mtoni! Hoooo!"

Ule mfuniko una sauti, ndugu zangu. Na ukumbi ule umefunikwa. Watu waliruka. Kutoka kwenye simu yangu, spika juu kabisa, baba mkwe akasikika kutoka Ifakara: "Piga, mama! Usimpe mgongo! Usimpe mgongo!" Na barazani wengine wote wakapokea: "Hoooo!"

Mwanangu akaanza kulia. "Bibi, acha! Bibi! Bibi!"

Wenyeji kusikia "Bibi" wakajua mtoto amemwona mama wa Fiona, wote wakageukia majini na simu zao kumtafuta. "Bibi! Bibi yuko wapi?" Watoto wengine nao wakaanza kuita. Kwa hiyo tukawa na mwanamke mmoja anafukuza kiboko, ukoo mmoja unaitikia, na umati unaita bibi, na bibi anayeitwa anazidi kupata nguvu kwa sababu anadhani ni yeye anayeshangiliwa.

Mimi nilisimama. Ningefanya nini? Mkwe hashikwi mkono.

Fiona naye, badala ya kukimbia, akafungua mdomo. Wazungu wakasema "Aaaw." Mama, anayejua maana ya kiboko kufungua mdomo, akarudi kinyumenyume mbio, kisigino kikagonga kigari cha mtoto, hotipoti ikapinduka, na pilau yote ikamwagikia mtoto wa watu, mvulana wa mwaka mmoja hivi, kuanzia kifuani hadi magotini. Kimya kikaanguka. Mama wa yule mtoto kaziba mdomo kwa mikono miwili. Mtoto akajitazama. Akaokota kipande cha nyama juu ya tumbo lake, akakiangalia pande zote, akala. Akatafuna. Kisha akanyoosha mkono kwa Mama, vidole vinafumba na kufumbua, anaomba kingine.

Tulisaidiana kufuta. Mzee wa kujitolea alileta taulo za karatasi na hakutukaripia. Nikadhani yamekwisha.

Jioni nikapokea klipu kutoka kwa mtu wa kazini. Halafu kutoka kwa mwingine. Kijana mmoja alikuwa amerekodi yote, ameiweka TikTok kwa maneno haya: "Bibi dhidi ya Fiona, raundi ya kwanza." Kufika asubuhi imeshaenda. Cincinnati iligawanyika. Upande mmoja: mnawezaje kumtisha binti yetu, aliyezaliwa na kilo 13! Upande mwingine: ule wali ulikuwa na viungo gani? Ifakara nako ilifika, na huko hapakuwa na pande. Mama yetu kamkabili kiboko Marekani. Mjomba mmoja alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba kuhusu ubora wa debe kulinganisha na mfuniko. Baba mkwe aliuliza jambo moja tu: kama kweli Fiona anaonewa huruma vile, mbona hawamfungi mahali asikokuta watu wanakula?

Jirani yangu mwenye picha ya Fiona alikoma kunisalimia. Kazini msimamizi aliniita pembeni, nikajua kibarua kimeota nyasi. Akaniuliza taratibu, "Ulisoma sekondari gani?" Hapa Cincinnati ndiyo njia ya kumjua mtu: wakishajua sekondari wanajua umetoka upande gani wa mji. Nikamwambia Ifakara. Akafikiria. "Hiyo ni West Side?" Nikasema ni mbali zaidi kidogo.

Siku mbili tatu baadaye likaja gari la televisheni. Dada mwenye kipaza sauti alikuwa mpole, akakaa na Mama kibarazani, akauliza angependa kumwambia nini Fiona. Mama akajibu kwa kirefu: mafuriko, dungu, mguu wa baba mkwe, magunia, bwana nyama, fidia. Nilikuwa nimeshaandaa tafsiri yangu: anasema Fiona ni mrembo na anaipenda Cincinnati. Nikavuta pumzi. Mwanangu akaniwahi. Mtoto huyu, ambaye nikimwomba ataje siku za wiki kwa Kiswahili anarudia Jumatano mara mbili, alitafsiri yote, neno kwa neno, mwanasesere kwapani, machozi yanamlengalenga.

"Bibi anasema kiboko alikula wali wao wote na akavunja mguu wa Babu na hakuna aliyelipa. Anasema Fiona ana deni."

Ikarushwa hivyo hivyo saa kumi na mbili jioni.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikafungua mlango kwa uangalifu, nikitegemea mayai kwenye ukuta. Kibarazani kulikuwa na mchele. Mifuko ya kilo moja, maboksi, gunia dogo la kutoka duka la Kihindi, kadi zenye michoro ya watoto: "Samahani kwa niaba ya Fiona." Jirani yangu alikuwa anakuja na wake mkononi, boksi la mchele wa dakika tano, macho mekundu. Hakujua kuhusu mguu wa mzee, alisema. Akamkumbatia Mama pale pale, na Mama, ambaye hakumbatiwi ovyo, akavumilia.

Alipoondoka, Mama akafungua lile boksi. Akamimina punje kiganjani, akazisugua, akazisogeza puani, akavuta. Akarudia na mfuko mwingine. Akarudia na wa tatu. Mtu wa Ifakara kwa mchele humdanganyi.

"Baba," akaniita.

"Naam, Mama."

"Hauna hata harufu." Akanikabidhi boksi. "Huu wapelekeeni viboko."