Hasidi ana sababu: mwenye kipaji na wanaomwandama

"Hasidi hana sababu" ni maneno ya kanga, na pwani nzima tumelelewa nayo. Mtoto akitoka shule na daftari lililochanwa, bibi huyasema. Kijana akiondoshwa karakanani pale Langoni, mtaa wa Lamu, wenzake humliwaza kwa hayo hayo. Yanapoza moyo kweli, lakini yanafunga mlango: kama hasidi hana sababu, hakuna la kuchunguza wala la kurekebisha. Sababu ipo. Mara nyingi imepandwa na mwalimu au mwenye kazi mwenyewe, bila ya kujua.

Dan Olweus, aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia katika miaka ya 1970, aliutambua kwa alama tatu: mtu anaumizwa kwa makusudi, jambo linarudiwa, na anayeumizwa hana nguvu sawa za kujitetea. Kwa Lamu alama hizi zina uzito wake, maana sisi ni watu wa mafumbo na vijembe. Kijembe kikirushwa na kikajibiwa, huo ni mchezo wa maneno na una utamu wake. Kijembe hicho hicho kikimwangukia mwanafunzi wa fundi kila asubuhi, naye hawezi kujibu kwa sababu riziki yake imo mikononi mwa anayemrushia, utani umekwisha.

Wanaosema kipaji ndicho kinachovuta uonevu wana hoja nzito. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanasaikolojia Abraham Tesser alieleza katika miaka ya 1980 kwamba mafanikio ya mtu hutuuma zaidi akiwa wa karibu nasi, na katika jambo ambalo sisi wenyewe tunajipimia kwalo. Mchongaji wa milango hamwonei kijicho daktari. Humwonea kijana wa benchi la pili, ambaye baada ya miaka 2 tu mkono wake unakwenda kwenye mbao kama aliyezaliwa nao. Na uonevu wa hapo hauna kelele. Patasi aliyoinoa jana anaikuta imegongwa kwenye msumari, makali yameingia pengo. Kuyarudisha ni muda mrefu juu ya kinoo, na muda huo unaandikwa kuwa uvivu wake. Anapewa msasa wiki baada ya wiki, huku mfaa, ule mti wa katikati ya mlango unaotaka nakshi, ukipewa mwengine. Mteja akiuliza nani kachonga, jibu ni "karakana". Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa, na ukiuliza, kila jambo lina maelezo yake.

Upande wa pili, wa wanaosema ni upweke wala si kipaji, nao haupuuziki. Shuleni, wengi wanaoonewa si wale wa nambari ya kwanza. Ni watoto wakimya, wenye wasiwasi, wenye rafiki mmoja au hawana kabisa. Mtoto mwerevu mwenye marafiki watatu wa kukaa nao mapumziko huwa salama kuliko mzito wa masomo aliye peke yake. Utafiti wa Jensen, Patel na Raver wa mwaka 2014, uliofanywa kazini, unazisogeza hoja mbili karibu: wanaofanya vibaya na wanaofanya vizuri sana wote huandamwa, ila wa chini huandamwa waziwazi na wa juu kwa kificho. Mwaka huo huo Kim na Glomb walionyesha kwamba kijicho ndicho kinachounganisha kazi nzuri na kuandamwa, na kwamba nguvu yake hupungua pale watu wanapojihisi kundi moja. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye ufunguo. Kipaji peke yake hakitoshi kumletea mtu uonevu. Kinakuwa hatari pale zawadi ni moja, macho ya mkubwa yako kwa mmoja, na wengine hawapati chochote katika ushindi wake.

Tazama darasani. Mwalimu anasoma alama kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kisha anawaambia waliobaki: "Hamumwoni mwenzenu?" Mtoto yule amegeuzwa fimbo ya kuwapigia wenzake. Baadaye anakabidhiwa kuandika majina ya wapiga kelele, kwa kuwa ana hati nzuri. Majina yakifika ofisini watu wanaadhibiwa, na jioni bwenini si mwalimu anayechukiwa. Dawa yake haihitaji bajeti: kila mtoto apewe alama zake mkononi, zamu ya kuandika majina izunguke, au iondolewe kabisa, mwerevu aulizwe alilipataje jibu, asisimamishwe kusifiwa. Mwalimu wa zamu naye awepo saa zinazojulikana, baina ya kumalizika masomo ya usiku na kuzimwa taa, na karibu na mabafu alfajiri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kisaikolojia. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.

Lakini si kila anayelalamikiwa anahusudiwa. Wako mafundi hodari wanaowadharau wenzao, na malalamiko dhidi yao ni ya haki. Kipimo tunachokiamini ni hiki: je, lalamiko linataja kitendo, siku, na kitu ambacho mtu anaweza kukibadilisha? "Jumatatu aliondoka bila kufunga stoo" ni lalamiko. "Anajiona" ni hukumu isiyo na rufaa, na kwetu, ambako adabu ya mdogo kwa mkubwa ni kitu kikubwa, inatosha kumzima kijana ambaye kosa lake ni kumaliza mapema.

Anayeandamwa kazini hukosea zaidi anapokwenda kwa mkubwa na neno "wivu". Wivu haushikiki; vitendo vinashikika. Aandike tarehe, saa, nani alikuwepo, maneno yenyewe yaliyosemwa, na kazi gani iliharibika, tena kwenye daftari lake, si kwenye kompyuta ya ofisi. Barua kwa mkubwa izungumzie kazi: "Orodha ya wageni ilinifikia saa tisa, na mashua iliondoka saa nane." Asiufiche ujuzi wake ili apendwe, maana akianza kuharibu kwa makusudi anawapa sababu ambayo hawakuwa nayo. Amfunze mmoja wa wenzake jambo moja analolijua. Huyo huwa shahidi, na mara nyingi rafiki.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataja ubaguzi, na inamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na sera ya unyanyasaji wa kingono. Uonevu usioangukia humo hupitia kwenye mkataba, na kwenye haki ya kutendewa vyema kazini iliyomo katika kifungu cha 41 cha Katiba. Kwa hiyo mtu akilazimika kuondoka, asiandike "kwa sababu za kibinafsi" ili kumaliza maneno. Barua ya kujiuzulu itaje vitendo na tarehe zake, na nakala iwe na muhuri wa kupokelewa, kwani madai ya mkataba wa kazi yana muda wa miaka 3 tu wa kufikishwa mahakamani.