Kabla ya fsck, nakili diski

Jamaa mmoja anayetunza seva ya duka la dawa alinipigia saa nne usiku. "Kaka, mashine pepe inawaka lakini haiandiki kitu, inadai diski ni ya kusomwa tu. Nimeshapiga fsck -y mara mbili." Mashine pepe ni kompyuta inayoigizwa ndani ya seva halisi, na fsck ni programu ya Linux inayokagua na kurekebisha mfumo wa faili kwenye diski. Niliposikia hiyo mara mbili nikakaa chini.

Najua wenzangu wa seva watabisha, lakini kwangu mimi ile -y ilifaa iwe ngumu kuiandika. Kazi yake ni kuitikia "ndiyo" kila swali bila wewe kulisoma. Na fsck haijui kwamba faili fulani ndilo lenye mauzo ya miaka miwili. Inachotafuta ni hesabu za ndani ya diski zilingane. Inodi (rekodi ya maelezo ya faili) yenye hitilafu inaweza kufutwa. Faili lililopotewa na folda yake linatupwa kwenye folda ya lost+found, limebaki na namba badala ya jina. Mwisho inatangaza diski ni safi, na kweli ni safi, kama nyumba iliyohamwa.

Kinachoniudhi ni kwamba kwenye mashine pepe hakuna haja ya kubahatisha. Mara nyingi diski nzima ni faili tu, la aina ya qcow2 au vmdk, limekaa kwenye seva mama, yaani seva halisi inayoibeba mashine pepe. Zima mashine, linakili mahali pengine, halafu chezea nakala. Anza na fsck -n, ambayo inakagua bila kugusa. Superbloku (sehemu yenye maelezo ya mfumo mzima wa faili) ikiwa imekufa, ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, ina za akiba. Kwa bloku za KB 4, ya kwanza kwa kawaida iko kwenye bloku namba 32768, unaiita kwa e2fsck -b. Kwenye XFS, mfumo mwingine wa faili, sahau fsck, maana fsck.xfs haitengenezi chochote. Tumia xfs_repair, na usikimbilie -L: inafuta jonali (daftari la mabadiliko yanayosubiri kukamilishwa) pamoja na mabadiliko ambayo hayajafika mahali pake. Ukiiharibu nakala, toa nyingine. Diski ya kawaida ingekupa wapi raha hiyo?

Chanzo chenyewe tulikikuta kwenye mipangilio ya QEMU, programu inayoendesha mashine pepe: cache=unsafe. Aliiweka ili mfumo uende haraka, na kweli ulienda. Jonali ya ext4 inategemea kwamba diski ikisema "nimeandika", imeandika. Kwa mpangilio ule seva mama huitikia "tayari" huku data bado imo kwenye RAM. Jioni ile umeme ulikatika, na betri ya UPS ilishakufa siku nyingi (kila mtu pale alijua).

Hifadhidata tuliikuta vipande vipande ndani ya lost+found, haikuungika. Bakapu ya mwisho ilikuwa ya siku tisa nyuma. Mauzo ya siku hizo yaliingizwa upya kutoka kwenye vitabu vya risiti, mhasibu akipiga kibodi, jamaa yangu akimsomea tarakimu moja moja.